Mzigo Ukiziba Taa: Pa Kuifunga Taa ya Baiskeli Inayobeba Mbele

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasomaji wa Miasenyi, Maungu na Buguta ni hili: "Nikitundika mitungi kwenye usukani, au nikiweka kikapu mbele, taa inafunikwa. Niiweke wapi?" Wengine wamechoka kutafuta jibu wakaing'oa taa kabisa. Hao ndio wanaonitia wasiwasi. Barabara inayopita Miasenyi ni ile ya Mombasa kwenda Nairobi, na usiku haipumziki: malori ya makontena, mabasi ya masafa marefu, magari madogo yanayotaka kuyapita yote hayo. Jua la huku huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kabla ya saa moja na robo giza limeshatanda. Aliyetoka sokoni jioni na unga mbele na maji nyuma atafika kwake gizani, apende asipende.

Jibu langu kwa ufupi: taa isifungwe kwenye mzigo, wala juu ya mzigo. Ifungwe chini ya mzigo, kwenye chuma cha baiskeli kinachogeuka pamoja na gurudumu la mbele. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo bila kuharibu breki, bila kutumia pesa nyingi na bila taa kukuangukia kwenye spoki.

Unataka kuona, au unataka kuonekana?

Anza kwa kuamua hili, maana mahali pa kufunga hutegemea kazi ya taa.

Kwenye lami, kazi kubwa ni kuonekana. Dereva wa lori anahitaji kujua mapema kwamba kuna mtu ukingoni. Ukiiacha lami ukashika njia ya vumbi kuelekea Buguta na Kasigau, mambo yanageuka. Magari ni machache, lakini kuna mchanga mzito unaolikamata gurudumu, korongo lililochimbwa na mvua, ng'ombe waliolala njiani, na pengine tembo aliyesimama kimya kando. Huko unahitaji mwanga unaofika mbali.

- Taa ndogo za kifungo, zile zinazotumia betri bapa mfano wa sarafu, ni za kuonekana tu. Kwenye njia ya vumbi hazikusaidii kitu.
- Taa ya kuchaji yenye kioo kipana hufaa kazi zote mbili, mradi ielekezwe vizuri.
- Tochi ya mkononi iliyofungwa kwa mpira wa tyubu inafaa kwa dharura. Kwa kila siku, hapana: mtikisiko huizungusha, na kabla hujafika nusu ya njia inamulika matawi.

Ukiweza kununua mbili, nunua mbili: kubwa ya kuona, ndogo ya kuonekana. Ukiweza moja tu, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Mahali bora: kichwa cha uma

Simama mbele ya baiskeli yako, uiname. Pale miguu miwili ya uma wa mbele inapokutana juu ya gurudumu, ndipo kichwa cha uma. Kwenye baiskeli nyingi pana tundu linalopita katikati, lenye bolti inayoshika madigadi au breki. Mara nyingi bolti hiyo ni ya milimita 6. Taa yako ikae hapo.

Napapenda mahali hapa kwa sababu kadhaa. Mzigo unabaki juu yake. Taa iko katikati, kwa hiyo tairi halikati mwanga upande mmoja. Inageuka unapogeuka. Tena mwanga unaotoka chini huonyesha barabara vizuri kuliko unaotoka juu, kwa kuwa kila kijiwe na kila shimo hutupa kivuli kirefu unachokiona mapema. Mara ya kwanza vivuli hivyo vitakutisha na shimo dogo litaonekana kama handaki. Jicho huzoea.

Waendesha baiskeli wa Ufaransa waliifahamu njia hii zamani. Safari ya Paris–Brest–Paris, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1891 na yenye urefu wa kilomita 1,200 hivi, haimalizwi bila kuendesha usiku, na wengi wanaoipenda hubeba mkoba mkubwa mbele ya usukani. Taa zao huziweka chini ya mkoba, kwenye kichwa cha uma au kwenye karia ndogo iliyo juu ya gurudumu. Mkoba wao una mkate na koti, wako una mboga na sukari, lakini tatizo na dawa yake ni vilevile.

Unachohitaji:

- Kipande cha chuma bapa, upana wa sentimita 2 hivi na unene wa milimita 3. Mafundi wa kuchomelea huwa na vipande kama hivyo sakafuni.
- Bolti ndefu kuliko ile iliyopo, kwa sababu sasa itapita kwenye chuma kimoja zaidi. Iwe na nati ya kujikaza, au nati mbili.
- Kipande kifupi cha paipu la maji la plastiki chenye upana wa nje wa milimita 25. Taa nyingi za dukani hutengenezwa kwa ajili ya kushika usukani, na paipu la upana huo huzidanganya zishike vizuri.
- Klipu mbili za paipu, zile za kukaza kwa bisibisi.
- Ukanda wa tyubu kuukuu.

Hatua zenyewe:

1. Mwambie fundi akunje chuma kiwe kama herufi L, atoboe tundu la milimita 6 upande mmoja.
2. Fungua bolti ya kichwa cha uma. Ikiwa ndiyo inayoshika breki ya mbele, usiifungue peke yako kama hujawahi. Mpe fundi wa baiskeli.
3. Pitisha bolti mpya kwenye chuma, kisha kwenye tundu, kaza. Ule mkono wa L uelekee mbele, juu ya madigadi.
4. Hakikisha kati ya chuma na tairi panapita kidole bila kubanwa. Matope mekundu ya msimu wa mvua yatahitaji nafasi hiyo.
5. Laza kipande cha paipu juu ya mkono wa chuma, kikingame kushoto na kulia. Klipu zipite kwa kukatana, moja kila upande, ili paipu lisizunguke.
6. Zungushia paipu ukanda wa tyubu mara moja, ndipo ufunge taa. Mpira humeza mtikisiko na kuzuia taa isiteleze.
7. Funga kamba ya akiba: uzi imara kutoka kwenye taa hadi kwenye chuma, mfupi kiasi kwamba taa ikichomoka haiwezi kufika kwenye spoki.

Hatua ya saba ndiyo watu huiruka, nami naiona muhimu kuliko zote. Taa ikiingia kwenye spoki za mbele gurudumu linakwama, na mwenye baiskeli anarushwa juu ya usukani pamoja na mitungi yake.

Mkono wa chuma uwe mfupi. Ukizidi sentimita 10 unaanza kucheza, na chuma kinachocheza hukatika kwenye kona. Ila kama kikapu chako kinashuka chini sana, hutakuwa na budi kuurefusha hadi taa itokeze mbele ya kikapu. Basi tumia chuma kinene zaidi.

Wenye Black Mamba

Baiskeli ya Black Mamba ina breki za vyuma badala ya waya, na vyuma hivyo hupita mbele ya uma kushuka hadi kwenye rimu. Kishikio cha taa cha kiwandani kiko juu, chini ya usukani, mahali hasa ambapo kikapu hukaa, kwa hiyo hakikusaidii tena. Ukifunga chuma chako kwenye kichwa cha uma, vuta breki mara kadhaa kwa nguvu na uangalie kama chuma cha breki kinakigusa. Kikigusa hata kidogo, kisogeze. Ni afadhali kukosa taa leo kuliko kukosa breki kwenye mteremko.

Baiskeli za gia zenye uma wa springi zina upinde unaounganisha miguu miwili juu ya tairi. Upinde huo unafaa. Kumbuka tu kwamba unapanda na kushuka na gurudumu, hivyo kama taa ina waya, uachie ulegee.

Kichwa cha uma kikishindikana

Baadhi ya baiskeli hazina tundu, au madigadi yake yameziba kila kitu. Zipo njia nyingine, nazo hazilingani.

- Ukingo wa mbele wa kikapu cha chuma. Panafaa iwapo kikapu kimefungwa kwa bolti na kina miguu inayoshuka hadi ekseli. Kikapu kilichoning'inizwa kwa ndoana hucheza, na taa hucheza nacho.
- Mguu wa uma. Rahisi kuliko zote: kipande cha paipu, klipu mbili, basi. Pana kasoro yake, nitaieleza hapa chini.
- Chuma cha kunyanyua taa juu ya mzigo. Mafundi wengi hupendekeza hiki kwanza, nami sikipendi. Mwanga ukipiga mgongo wa mtungi wa njano au gunia jeupe unarudi machoni mwako, na jicho lililojaa mwanga wa karibu haliwezi kuona gizani. Ukikitumia, taa itokeze mbele kabisa ya mzigo.
- Kofia yenye taa au tochi ya kichwani. Iwe nyongeza tu. Inafuata macho yako, jambo zuri unapotafuta mnyama kando ya njia, lakini unapomtazama dereva anayekuja unampofusha.

Kivuli cha tairi

Hii ndiyo kasoro niliyoitaja. Taa ikiwa kwenye mguu wa uma, tairi lenyewe hukata mwanga. Ikiwa kulia, kivuli kinaangukia kushoto. Nasi Kenya tunaendesha kushoto: kushoto ndiko kuliko ukingo wa lami uliomeguka, changarawe, na vipande vya matairi ya malori yaliyopasuka. Sehemu unayohitaji kuiona ndiyo inayobaki gizani.

Ukiihamishia kushoto unauona ukingo, lakini sasa gari linalokuja, ambalo liko kulia kwako, linakuona nusunusu.

Ushauri wangu ni huu. Kwa anayetumia njia za vumbi tu, kushoto. Kwa anayepita barabara kuu, taa ya kuona iwe kushoto na kitaa kidogo cha kuonekana kiwe kulia. Na popote utakapoifunga, ipandishe kwenye mguu kadiri mzigo unavyoruhusu na uisukume mbele; ikishuka karibu na ekseli kivuli kinakuwa kikubwa kupita kiasi.

Kuilenga

Taa nzuri iliyoelekezwa vibaya ni usumbufu kwa kila mtu. Usiilenge baiskeli ikiwa tupu. Gunia likikaa nyuma, pua ya baiskeli huinuka na mwanga huinuka nayo. Kwa hiyo:

1. Pakia mzigo wa kawaida, mbele na nyuma, ukae kwenye kiti. Mwombe mtu akushikilie.
2. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, pale pasipo na mteremko.
3. Pima urefu wa taa kutoka ardhini. Kama ni sentimita 70, katikati ya mwanga ukutani pawe sentimita 35.
4. Kaza hapo. Mwanga utatua kama mita 10 mbele yako.

Mita 10 zinatosha kwa mwendo wa aliyebeba mzigo. Anayekwenda mbio kidogo anaweza kuuinua mwanga kiasi, lakini usifike usawa wa macho ya dereva.

Kama unatumia dainamo

Dainamo ya chupa, ile inayosugua tairi, bado ni chombo kizuri, na huhitaji kuchaji chochote. Nyingi ni za volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma. Taa ikihama kutoka juu kwenda kichwa cha uma, waya unakuwa mfupi, na hilo ni jema. Angalia haya:

- Dainamo nyingi hutumia waya mmoja tu. Umeme hurudi kupitia chuma cha baiskeli. Ukifunga taa juu ya paipu la plastiki umeukata mzunguko. Ongeza waya wa pili kutoka kwenye mwili wa taa hadi kwenye chuma, na ukwangue rangi pale unapogusa.
- Waya wa taa ya nyuma ukikatika, nguvu yote huenda kwenye balbu ya mbele na kuiunguza. Balbu ya mbele ikiungua mara kwa mara, kagua nyuma.
- Ukisimama, taa inazimika. Kwa sababu hiyo mwenye dainamo lazima awe na taa ya nyuma ya betri.

Sasa nyuma, kwenye hatari kubwa zaidi

Mmeuliza kuhusu mbele, lakini kwenye barabara kuu lori linalokupita linatoka nyuma. Gunia la kwenye karia huifunika taa nyekundu iliyo chini ya kiti kama vile kikapu kinavyoifunika ile ya mbele. Mitungi inayoning'inia pande mbili huziba hata ile ya kwenye madigadi.

Ifunge taa nyekundu kwenye ncha ya nyuma ya karia, kwa bolti, upande wa kulia au katikati. Itoke nje ya mzigo hata gunia likilegea. Kisha ubandike ukanda wa kuakisi, ule unaobandikwa nyuma ya malori, kwenye mitungi yenyewe na kwenye madigadi. Hapa mzigo unakusaidia: mtungi mpana wenye ukanda huonyesha upana wako, na dereva anajua akuachie nafasi kiasi gani. Viakisi vya pedali usiving'oe. Vinapanda na kushuka, na dereva anayeviona anaelewa papo hapo kwamba mbele kuna baiskeli.

Taa ya nyuma iwe nyekundu, ya mbele iwe nyeupe. Nimeona watu wakigeuza kwa sababu nyeupe ina nguvu zaidi. Mwanga mweupe nyuma humwambia dereva kwamba unamjia, naye anaweza kukukwepa kuelekea upande usiofaa.

"Lakini mimi…"

"Taa za magari zinanitosha." Zinakutosha kwa muda zinapokuwa nyuma yako. Lori likishapita, macho yako yaliyozoea ule mwanga hayaoni kitu kwa muda, na hapo ndipo watu huanguka kwenye ukingo wa lami.

"Kuna mbalamwezi." Mbalamwezi inakusaidia wewe kuona. Dereva aliye nyuma ya kioo chenye vumbi na wadudu hakuoni kwa mbalamwezi.

"Taa itaibiwa sokoni." Kweli, huibiwa. Ndiyo maana nimependekeza paipu lililofungwa moja kwa moja na taa inayochomoka. Ondoka nayo mfukoni.

"Taa itawachokoza tembo." Tembo wa Tsavo hujipaka vumbi jekundu, rangi ileile ya njia, na bila mwanga unaweza kumkaribia sana kabla hujamtambua. Taa isiyotingishwa inayomulika chini ndiyo inayokupa umbali wa kusimama. Ukimwona, simama, usimwashie na kuzima, usipige kengele, geuza baiskeli taratibu urudi ulikotoka. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye kituo hapo Miasenyi, imejengwa juu ya tuta refu, na wanyama huvuka chini ya madaraja na kwenye vivuko walivyoachiwa. Ukikaribia sehemu hizo usiku, punguza mwendo hata kama njia inaonekana tupu.

Makosa ninayoyaona zaidi

- Kufunga taa kwa waya wa kujengea. Hukata plastiki, na ukikatika wenyewe unaingia kwenye spoki.
- Mikanda ya mifuko iliyoachwa ining'inie mbele ya kioo cha taa. Hukata mwanga vipandevipande.
- Kuacha taa ya kuchaji juani mchana kutwa. Joto la huku huiua betri mapema. Iweke kivulini, ichaji jioni kabla ya kutoka.
- Kutofuta kioo. Vumbi jekundu la siku chache hupunguza mwanga sana. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha; kikavu kinakwaruza.
- Taa ya mbele kuiweka kwenye kupepesa. Nyuma inaweza kufaa, ila mbele humfanya dereva ashindwe kukadiria uko umbali gani, na wewe mwenyewe huoni njia.
- Kutundika mitungi ya maji ya lita 20 kwenye usukani. Hakuna taa itakayolitibu hili. Usukani unavutwa pembeni, na mtungi ukibembea hugonga gurudumu na taa pamoja. Mizito ipeleke kwenye karia ya nyuma, mbele pabaki vyepesi.

Taa ikizimika njiani

Shuka. Usiendelee kuendesha kwenye lami kwa matumaini kwamba pamebaki padogo. Toka nje ya ukingo kabisa, vuka uende upande wa kulia ili magari ya karibu nawe yakujie mbele, usukume kwa miguu. Taa ya simu ielekeze chini, mbele ya miguu yako. Kama taa ya nyuma bado inawaka, izime, kwa kuwa sasa inaelekea upande usiofaa. Geuza mtungi wenye ukanda wa kuakisi uwatazame wanaokuja. Na kama uko kwenye njia ya vumbi, mbali na nyumba, na umeona kinyesi kibichi cha tembo njiani, usisukume mbele gizani. Rudi kwenye boma la mwisho ulilolipita, ubishe hodi, uombe kungojea kuche au upate mtu mwenye tochi wa kukusindikiza.